Kitengela: kukodi ardhi kila mwaka au sharti la kudumu?

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iko wazi upande wa kusini, na nyumbu hutoka kupitia huko kwenda kula majani katika ardhi za watu. Kuanzia mwaka 2000, wenye ardhi Kitengela, kusini mwa hifadhi, walilipwa kodi ya dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua wala kuuza. Malipo yalikuja kwa awamu tatu, karo ikidaiwa (hapo waandalizi walipiga hesabu vizuri). Fedha za umma kupitia Benki ya Dunia ziliongezwa baadaye. Ila mfadhili akiondoka, seng'enge hurudi.

Sharti la uhifadhi, yaani kizuizi cha kisheria juu ya matumizi ya ardhi, chini ya sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013, laweza kuifuata ardhi hata ikiuzwa. Kwa nyumbu, hilo ni bora. Lakini kwa bei za viwanja vya Kitengela, nani atajifunga bila fidia nono? Ningeanza na kukodi.