Kava la silikoni au la plastiki ngumu: lipi linaokoa simu?
Simu ikianguka, kinachovunja kioo ni mshtuko wa ghafla, hasa ikitua kwa kona. Hapo silikoni inashinda wazi: hubonyea, ikarefusha kidogo muda wa kugonga, na nguvu inayofika kwenye simu ikapungua. Plastiki ngumu na nyembamba huzuia mikwaruzo vizuri, ila mshtuko huupitisha karibu wote.

Kwa usafi, ngumu unaifuta tu. Kava laini angavu, ambalo wengi huliita silikoni, hugeuka njano, hulegea, na kava lililolegea libadilishwe mapema. Bei hazipishani sana.

Lolote utakalonunua, kagua ukingo wa mbele: usipokizidi kioo, simu ikitua kifudifudi hakuna kinga.

Mwendesha bodaboda achukue silikoni yenye kona nene. Simu inayoshinda mezani, ngumu inaitosha.