Tepu, rula na muuzaji wa vitambaa: ununue nini kwanza unaposhona nguo za oda

Nguo ya oda ikikosewa haina mnunuzi wa pili. Shati la dukani lisipomtosha huyu litamtosha yule, lakini suruali iliyokatwa kwa kiuno cha mteja mmoja hubaki mikononi mwa fundi. Ndiyo maana vifaa vya kupimia na wauzaji wa vitambaa tumevipanga hapa kwa swali moja: ukirudia kazi hii miezi mitatu ijayo, utapata kile kile ulichopata leo? Bei inafuata baada ya hapo.

Vifaa vya kupimia

Nafasi ya kwanza tunaipa rula ya chuma ya sentimita 100, ingawa wengi huanza na tepu. Chuma hakivutiki, hakipindwi na jua, na kifaa kingine chochote utakachonunua kitahakikiwa juu yake. Chagua yenye alama zilizochongwa, kwa sababu za kupakwa rangi hufutika kwa mkono na chaki. Sifuri ianzie ukingoni kabisa. Rula inayoacha milimita kadhaa kabla ya sifuri inafaa kupigia mistari, ila kwa kupima itakukosesha siku ukiwa na haraka.

Ya pili ni tepu, na hapa inafaa kukaa kidogo. Nunua ya plastiki laini iliyoimarishwa kwa nyuzi za faiba, sentimita 150. Kama unapima magauni marefu, makanzu au wateja wenye miili mikubwa, ongeza moja ya sentimita 300. Tepu ya kitambaa kitupu iache, kwa kuwa huvutika kila inapozungushwa kifuani, na mvutano huo haurudi wote. Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu:

- Ilaze juu ya rula ya chuma na ulinganishe kwenye 30, 60 na 100. Kisha ivute kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Ikisogea zaidi ya milimita 1 kwenye mita nzima, irudishe.
- Pima mstari mmoja kwa sentimita, halafu kwa inchi. Sentimita 127 ni inchi 50 kamili. Tepu nyingi za bei ya chini huandikwa 150 upande mmoja na 60 upande wa pili, zikaishia mahali pamoja, wakati inchi 60 ni sentimita 152.4. Tepu ya namna hiyo inadanganya upande mmoja, na huwezi kujua ni upi mpaka uilinganishe na chuma.
- Shika kibati cha mwishoni ukitikise. Kikilegea kinaongeza au kupunguza milimita 2 au 3 kwenye kila kipimo.

Jambo linalowapotosha wengi ni hili: tepu mbovu yaweza kutumika muda mrefu bila mtu kugundua. Ukimpima mteja na kuchora patani (kiolezo cha kukatia kitambaa) kwa tepu hiyo hiyo, kosa linajifuta lenyewe. Linajitokeza siku msaidizi anapopima kwa tepu yake nawe unakata kwa yako, au unapoanza kuchora kwa rula. Basi nunua tepu zote za karakana kwa mara moja, za aina moja, uzihakiki zote, na usiruhusu ya mtu binafsi kuingia. Ziweke mbali na pasi. Ikifika tofauti ya milimita 2 kwa mita, ikate vipande viwili kabla ya kuitupa, isije ikaokotwa na kurudi mezani.

Ya tatu ni skwea ya pembe mraba, mkono mmoja wa sentimita 60 hivi. Ihakiki kwa penseli: piga mstari ukiwa umeegemeza mkono mfupi kwenye ukingo ulionyooka, igeuze upande wa pili, piga mstari mwingine kuanzia pale pale. Mistari miwili ikiachana, skwea haiko sawa, na mwachano unaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Skwea mbovu ndiyo chanzo cha mashati yanayoning'inia upande mmoja huku kila kipimo kikionekana sahihi.

Rula za mapinda zinatosha mbili, moja ya nyonga na moja ndogo ya kwapa na shingo. Ongeza rula angavu yenye mistari ya miraba kwa ajili ya posho ya mshono, yaani nafasi ya ziada inayoachwa nje ya mstari wa kushonea, na uchague iliyochapwa upande wa chini, maana alama zinazogusa karatasi zinasomeka bila kuyumba jicho linapohama.

Programu za simu zinazopima mwili kwa picha na tepu za kidijitali tunaziweka mwisho. Tepu ya kidijitali haikosei kusoma namba, lakini haijui kama umeiweka mahali sahihi, na huko ndiko makosa makubwa yanakotoka. Picha nazo zinategemea nguo aliyovaa mteja, mwanga na namna alivyosimama. Zifae kwa mteja wa mbali, tena kama makisio ya kuandaa nguo ya kujaribia tu. Badala yake, nunua mita moja ya lastiki nyembamba umfunge mteja kiunoni. Itajikalia kwenye kiuno chake halisi, na urefu wa mbele, wa nyuma na wa nyonga utapimwa kutoka mstari huo huo. Chukua kila mzunguko mara mbili. Ukipishana kwa zaidi ya sentimita 1, pima mara ya tatu.

Wauzaji wa vitambaa

Kwa biashara ya oda, tunampa nafasi ya kwanza msambazaji mwenye vitabu vya sampuli anayekata kwa mita. Bei yake kwa mita huwa juu, lakini unanunua urefu unaohitajika tu baada ya mteja kuchagua na kulipa malipo ya awali, na namba ya kitambaa inabaki ile ile kwa msimu mzima au zaidi. Mteja akitaka suruali ya pili ya suti yake, unaagiza kwa namba. Udhaifu wake ni muda wa kufika na sampuli za vitambaa visivyotengenezwa tena, kwa hiyo muulize kilichopo ghalani kabla ya kumwonyesha mteja kitabu.

Wa pili ni muuza jumla wa majora. Mwendee kwa vitu unavyotumia kila wiki: bitana, kitambaa cha mifuko, popelini nyeupe, kitambaa cha kukazia kola. Kununua jora zima la kitambaa cha rangi ya msimu ukiwa mwanzoni ni kufungia mtaji rafuni.

Duka la rejareja ni la tatu. Linaokoa oda ya haraka na linakuruhusu kushika kitambaa kwa mkono, ila kilichopo leo hakina ahadi ya kuwepo tena. Kiwanda cha kufuma kinakuja cha nne. Bei yake ni nzuri, lakini kiwango cha chini cha oda huwa kikubwa kuliko mahitaji ya fundi wa oda. Mabaki ya viwanda ni ya mwisho, na kwa nguo moja isiyohitaji kurudiwa hayana ubaya wowote.

Yeyote utakayemchagua, muulize kipimo anachouzia. Yadi ni sentimita 91.44, kwa hiyo jora la yadi 100 ni pungufu ya mita 100 kwa mita 8.56, kitambaa cha suti mbili na ziada, ukihesabu takriban mita 3.3 kwa suti ya vipande viwili. Upana nao unabadilisha bei. Kitambaa cha sentimita 114 kina eneo pungufu kwa asilimia 24 kuliko cha 150 kwa kila mita, basi gawanya bei kwa upana kabla ya kusema kimoja ni rahisi. Na upime upana unaotumika, kutoka ndani ya ukingo mmoja hadi ndani ya mwingine.

Usiweke oda kubwa ya kwanza. Nunua mita 2 za majaribio. Kata kipande cha sentimita 60 kwa 60, chora ndani yake mraba wa 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika, weka mshale wa upande wa mtande (nyuzi zinazofuata urefu wa jora), kisha kifue, kianike na kukipiga pasi kama mteja atakavyofanya. Mraba ukirudi 48.5 upande wa mtande, kitambaa kimepungua asilimia 3, na suruali ya urefu wa sentimita 105 itapoteza zaidi ya sentimita 3. Hicho si lazima ukikatae. Kiloweke na kukianika kabla ya kukata, na gharama hiyo iingie kwenye bei. Kinachokataliwa ni mraba uliogeuka kuwa msambamba, kwa sababu nguo yake itajisokota mguuni baada ya kufuliwa.

Uzito hupimwa kwa mizani ndogo inayosoma gramu 0.1. Kata mraba wa sentimita 20 kwa 20, upime, zidisha kwa 25, upate gramu kwa mita ya mraba. Mashati mengi huangukia kati ya 110 na 150, suruali na suti kati ya 200 na 300. Faida kubwa ya namba hii ni kulinganisha: shehena ya pili ikija nyepesi kwa gramu 20 kuliko ya kwanza, muuzaji amebadilisha kitambaa, hata kama jina ni lile lile.

Rangi ijaribu kwa kusugua kitambaa cheupe chenye unyevu mara 10 juu ya sampuli. Kikitoka na rangi, kitambaa kinachuja, wala usikiweke kando ya kola nyeupe. Kwa kitambaa cha kukazia kola, kigandishe kwa pasi kwenye kipande cha popelini na ukifue mara tatu. Mapovu yakitokea, gundi ni dhaifu au vitambaa viwili havipungui sawa.

Loti za rangi, yaani mikupuo ya kutia kitambaa rangi, zinahitaji ukali. Koti na suruali ya suti moja vikatwe kutoka jora moja, maana majora mawili ya namba moja yanaweza kupishana kidogo kwa rangi, na tofauti isiyoonekana chini ya taa ya dukani huonekana wazi juani. Fungua kitambaa mchana, kikague urefu wote kabla ya mkasi kukigusa, kwa kuwa wauzaji wengi hawapokei kilichokatwa. Vitambaa vinavyovutika vikunjue vilale saa 24 kwanza. Vilivyobanwa kwenye jora hurudi vikipumzika, na ukivipima mara tu vinapofika utahesabu urefu ambao haupo.

Katika kila jora, kata kipande cha sentimita 10, ukibandike kwenye daftari pamoja na tarehe, namba ya loti, upana, uzito na asilimia ya kupungua. Shehena inayofuata ikifika, linganisha na kipande hicho kabla ya kusaini hati ya mapokezi.