Mkaa au kuni kwenye jiko la kuchomea nyama?

Kuni zinajitangaza: moshi unakutoa machozi, cheche zinaruka, hakuna anayethubutu kuziwasha sebuleni. Mkaa ni mpole, na hapo ndipo unapoua. Ukishakolea hautoi moshi wa kuonekana, lakini hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Mvua ikikukuta mbuzi hajaiva, okoa nyama. Jiko lisiingie ndani, hata madirisha yakiwa wazi.

Kwa ladha, mimi ni wa kuni, ila ziwe kavu, zisizopakwa rangi wala dawa ya mchwa. Kuku nampeleka kwenye mkaa: moto wake umetulia, na paja lifike nyuzijoto 74 ndani.

Majivu ya vyote viwili huficha makaa hadi kesho yake. Yamwagie maji kabla ya kuyatupa.