Nimepeleka rimu orijino za Impreza STI kupigwa pauda hapa Dar, haya ndo niliyoyaona

Wakuu habari zenu, kuna karakana moja upande wa Tabata inapiga rangi ya pauda (rangi ya unga inayoiva kwa kuokwa ovenini), kazi yao kubwa ni mageti na madirisha ya alumini ila siku hizi wanapokea na rimu za magari. Hawana hata kibao barabarani, watu wanaelekezana tu kwa mdomo. Kwa vile kila wiki kuna mtu mwenye Subaru ananiuliza apeleke wapi rimu zake nimeona niandike kwa kirefu, mazuri yao na yale yaliyonikera.

Gari ni WRX STI ya 2004. Mwaka nautaja kwa makusudi maana ndo unaowachanganya wengi: STI mpaka modeli ya 2004 zina nati tano kwa PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati) ya milimita 100, kuanzia modeli ya 2005 Subaru wakahamia 114.3 na rimu ikaongezeka upana kutoka inchi 7.5 mpaka 8, ofseti (umbali wa katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungwa kwenye gari) ikabaki milimita 53, kipenyo kikabaki inchi 17. Kwa hiyo ukikuta mtu anakuuzia "rimu za STI" na hajui za mwaka gani usitume hela mpaka mmepima, zinafanana sana kwa sura ila hazivaliani.

Rimu zangu zilikuwa zimechoka kiukweli. Mwenye gari wa kwanza alizipuliza nyeusi juu ya rangi ya zamani, na sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua chumvi inavyofanya kazi, ikipata upenyo mdogo tu kwenye klia (ile vanishi ya juu ya rangi) inatambaa chini kwa chini na kuacha ile michirizi myeupe, alafu rangi inaanza kubanduka vipande vipande. Ongeza na vumbi la breki za Brembo, lile linatoka kwenye pedi likiwa la moto na likikaa muda mrefu haling'oki hata usugue vipi. Gari inavutia, inatembea, ila miguu inatia huruma.

Watu walinishauri nitupe ninunue nyingine na nilizunguka kweli kuangalia. Madukani kopi za inchi 18 zimejaa, zinang'aa balaa na bei sio mbaya. Shida yangu na kopi ni mbili. Moja, hujui zimemiminwa vipi na mara nyingi ni nzito, na uzito wa tairi na rimu ndo uzito unaoumiza gari kuliko mwingine wote maana shokapu haziubebi, zinahangaika kuutuliza kila ukipita kwenye shimo. Ukiwa dukani usione aibu, omba mizani, pima rimu yako ya zamani na ile unayouziwa. Angalia pia alama ya JWL ya viwango vya Japani nyuma ya rimu, na VIA (ya wakaguzi wa Japani) kama ipo, ingawa wenye kopi nao siku hizi wanazigonga hizo alama kwa hiyo isiwe ndo ushahidi wako peke yake.

La pili ni mpira. STI yangu inavaa 225/45R17 (upana milimita 225, ukuta asilimia 45 ya huo upana, rimu inchi 17), hapo ukuta wa tairi una kama milimita 101. Ukiweka 18 na 225/40 kimo cha gurudumu kinabaki karibu kile kile, spidomita haidanganyi, ila ukuta unashuka mpaka milimita 90, na wanaokwenda 19 na 225/35 wanabaki na chini ya 80. Sasa nenda na hiyo kwenye barabara zetu za mitaa, matuta yasiyo na alama na mashimo yaliyojaa maji masika, rimu inapinda ndani ya mwezi. Hata Subaru zilizoshinda Safari Rally, ya dereva Colin McRae 1997 na ya mwenzake Richard Burns 2000, kwenye vumbi zilivaa rimu ndogo na tairi nene, rimu kubwa zilikuwa za rali za lami. Mimi siendi mashindano ila barabara ya nyumbani kwangu inafanana zaidi na Safari kuliko lami ya Ufaransa. Na kushuka 16 haiwezekani kwa STI, diski ya mbele ina milimita 326 na kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za Brembo haziingii humo.

Kuna na njia ya tatu wanayoipenda mafundi wetu, kukuvalisha rimu za Toyota. PCD ya 100 ya nati tano zipo nyingi mjini, za Wish, za Celica. Hapa naomba msikilize vizuri. Tundu la katikati la hizo rimu za Toyota ni milimita 54.1, habu ya Subaru (kile kitovu cha gari rimu inapokalia) ni 56.1, kwa hiyo rimu haikai mpaka mwisho, inabaki imening'inia juu ya habu. Kuna mafundi wanapeleka kwenye kerezo linaongezwa tundu, hilo linawezekana kama mtu wa kerezo ni makini na ameikamata katikati kabisa, akikosea kidogo usukani utatetemeka na hakuna kubalansi kutakakoponya. Kingine ni nati: za Toyota nyingi ni M12 kwa 1.5 (unene milimita 12, nyuzi zikipishana milimita 1.5), Subaru ni M12 kwa 1.25. Nati ya Toyota inaingia nyuzi mbili tatu kwenye stadi (ile bolti ya habu) ya Subaru alafu inakaza, fundi anadhani ni kutu anaongeza spana ya bomba, hapo stadi imeshakufa. Nimeona hiyo kitu kwa macho kwenye Forester ya jirani.

Basi nikaamua zile zile orijino zirudi kama zilivyotoka Japani, na hapo ndo karakana ya Tabata inaingia.

Kilichonifanya niwaamini ni maswali yao. Sehemu nyingine mbili nilizopita waliniuliza rangi gani tu na nalipa lini. Hawa yule fundi mkubwa aliniuliza rimu zimewahi kupulizwa, zimewahi kuchomelewa, gari inatembea wapi, na tairi zitatolewa na nani. Akaniambia "kaka, sisi hatupaki juu ya rangi ya mtu, tunarudi mpaka kwenye chuma." Na kweli, wanaloweka kwanza kwenye dawa ya kutoa rangi, wanaosha, alafu wanapiga mchanga laini kwa presha ndogo. Hiyo presha ndogo ni muhimu, alumini ni laini na ukipiga mchanga mkali kama unasafisha geti unaacha vishimo ambavyo pauda haivifichi. Baadae wanaipasha moto tupu kabla ya rangi, ili mafuta na hewa vilivyojificha kwenye vinyweleo vya alumini vitoke mapema, maana vikitoka wakati rangi inaiva unapata malengelenge. Ndo inakuja praima, rangi, na klia juu, kila moja inaokwa yake.

Joto la oveni niliuliza mwenyewe, akasema ni kati ya 180 na 200 na haizidishwi. Hilo ni jibu sahihi wakuu. Rimu za alumini zimepewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto kwa kipimo maalum, ukija kuichoma kupita hapo au kuioka tena na tena kila mwaka unaulainisha ule ugumu polepole na macho hayaoni kitu. Fundi asiyejua joto la oveni yake mwenyewe usimwachie rimu ya gari inayokimbia.

Sasa jambo lililonifanya niandike yote haya. Walivyozitoa rangi walinipigia simu, wakasema njoo uone kabla hatujaendelea. Nikakuta rimu tatu safi, ya nne upande wa ndani ina mshono wa kuchomelea urefu wa kidole, umesawazishwa kwa msasa na kupakwa puti, na pembeni ya mshono ufa mpya umeanza. Ile rangi nyeusi ya zamani ilikuwa imefunika yote hayo na mimi nimepita Chalinze kwenda Morogoro na familia ndani. Wangeweza kuipaka tu, nani angejua, hela yao ingekuwa imetimia. Walikataa. Walisema rimu iliyopasuka hawaipaki kwa bei yoyote, nitafute nyingine wataiunganisha na zile tatu zitoke rangi moja. Mimi hapo niliwavulia kofia. Kupaka rangi nzuri anaweza kujifunza mtu yeyote mwenye oveni, ila kukataa hela ya mteja ili mteja asife barabarani, hiyo ni tabia ya mtu.

Kupata rimu moja ilinisumbua, wauzaji wengi wanataka kuuza seti. Mwishowe nikaipata Ilala, imetoka kwenye gari iliyokatwa, PCD 100, nikaizungusha kwenye mashine ya balansi pale pale nikaona haiyumbi ndo nikalipa. Kama na wewe unatafuta moja fanya hivyo hivyo, kuilaza chini na kuiangalia kwa jicho haitoshi hata kidogo, mpindo mdogo unaonekana ikizunguka tu.

Rangi nilichagua dhahabu, sikutaka maswali, Impreza ya bluu na rimu za dhahabu haihitaji maelezo kwa mtu yeyote. Imetoka vizuri sana, sio ile dhahabu ya njano ya vikombe vya zawadi, ni ile iliyotulia kidogo kuelekea shaba, na nne zote zimelingana pamoja na ile ya Ilala. Kwenye kona za ndani za mikono ya rimu nimepitisha kidole na tochi, pauda imefika kote, hakuna sehemu iliyobaki nyembamba.

Kikubwa zaidi nilichokagua ni sehemu zisizoonekana. Pale nati inapokalia na pale mgongo wa rimu unapogusana na habu hapatakiwi rangi nene. Pauda ina unene, na ukikaza nati juu yake inabonyea taratibu ukiwa unatembea, nati inalegea na wewe unadhani umekaza. Hawa walikuwa wameziba matundu ya nati kwa vizibo vinavyostahimili moto na mgongo wameufunika, nimekuta alumini tupu safi. Ukienda kwa fundi yeyote wa rangi anza kuangalia hapo, mbele atakuonyesha mwenyewe bila kuombwa.

Kufunga tairi sikufanya kwao, hawana mashine na walisema wazi. Nilipeleka kwa watu wenye mashine yenye vilinzi vya plastiki, maana ukimpelekea wa pancha wa mtaimbo atakuchuna rangi mpya mbele ya macho yako. Balansi nikaomba risasi (vile vizito vya kusawazisha gurudumu) za kubandika kwa ndani, zile za kugonga pembeni ya rimu zinakwangua pauda na chumvi inapata mlango. Nati nikakaza kwa spana ya kipimo, kama Nm 90 hadi 100, gari ikiwa chini, kwa mtindo wa nyota, nikatembea kilomita kama mia nikarudia kukaza. Na kwa sisi wa Subaru tairi zote nne lazima zilingane, yenyewe Subaru inataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, la sivyo difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, inafanya kazi muda wote hata kwenye lami iliyonyooka.

Yaliyonikera sasa. Muda. Waliniahidi siku fulani ikapita, ikaja nyingine ikapita, sababu umeme, oveni yao ni ya umeme na ukikatika rangi ikiwa inaiva kazi inarudi mwanzo. Naelewa, na afadhali wachelewe kuliko watoe iliyoiva nusu, lakini basi piga simu, gari yangu ilikuwa juu ya stendi na mimi napanda bodaboda kwenda kazini huku nawapigia wao kila asubuhi. Pili hawana sehemu nzuri ya kuhifadhi, rimu zangu zilizokamilika nilizikuta zimeegemezwa karibu na mageti yanayopigwa msasa, nikaomba zifungwe maboksi na wakafanya haraka bila kununa, ila isingetakiwa niombe. Tatu vifuniko vya katikati hawapaki, ni plastiki haviwezi kuingia ovenini, hilo sio kosa lao ila wangeniambia mapema ningevipeleka kwa mtu wa rangi ya kawaida akalinganisha.

Bei ilikuwa laki nne na nusu kwa zote nne, kutoa rangi, kupiga mchanga na klia humo humo, tairi na balansi ni juu yako. Kupuliza kwa kompresa mtaani utapata chini ya nusu ya hapo, na itabanduka. Kama rimu zako ni zile zenye uso uliokatwa na mashine ukang'aa, wao hawana hiyo mashine, watakupaka rangi moja tu, na hata ukipata mwenye nayo jua kila kukata kunapunguza chuma, haifanyiki mara nyingi.

Nawapa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa simu zisizopigwa na zile rimu kuegemezwa pale. Ukienda usiende Ijumaa mchana, fundi mkubwa hayupo na vijana hawakubali kazi ya rimu bila yeye, nenda asubuhi, rimu ziwe zimeshatolewa tairi na kuoshwa, na mwambie mwenyewe akuitie uone zikishatolewa rangi.