Mtambo wa Lita 12, Kornfleksi na Kipimajoto Kinachosoma Kama Tuko Pwani

Kamwene Iringa, ugonile Rungwe na Kyela, na nyie wa Mbeya mjini mambo vipi. Leo mezani kuna huu mtambo wa kukenekea (yaani kuchemsha na kukusanya mvuke uliopoa) wa lita 12, wa chuma cha pua, unaouzwa mtandaoni kwa picha za whisky na mapipa ya mbao. Muuzaji anasema unachachusha nafaka yoyote humohumo, hata kornfleksi za asubuhi, halafu unakeneka. Klampu sita, koili ya shaba, kamtungi ka pembeni, pampu, mipira miwili, hayo yote yameandikwa kwenye boksi na mnasoma wenyewe. Mimi nataka kugombana na kitu kimoja tu, hiki hapa juu ya mfuniko. Sogeza kamera. Sogeza tena. Hiyo saa ya joto.

Ina rangi tatu. Njano ni mpaka 78, kijani ni 78 hadi 82, nyekundu ni kuanzia hapo kwenda juu. Maelezo yao yanasema sindano ikiwa kwenye kijani unapata pombe nzuri, ikiingia nyekundu zima. Nitawaonyesha kwa nini hizo rangi ni pambo.

Ila kwanza, kabla hamjanirukia. Hapa Tanzania kukeneka pombe kali bila leseni ni kosa, Sheria ya Moshi (yaani gongo) ni ya mwaka 1966, na mnajua polisi na gongo. New Zealand waliruhusu watu kukeneka majumbani kwao mwaka 1996, ndiyo maana kwenye video za kule watu wamejiachia. Kwa hiyo hapa mtambo utakeneka maji na mchaichai, na kornfleksi itaishia kwenye pombe ya kuchachusha ya kunywa nyumbani, ukoo mmoja na komoni. Ukitaka kuuza hata hiyo, leseni ni lazima.

Haya, jaribio. Naweka maji lita tatu, nafunga mfuniko, klampu zote sita, nazikaza mbili mbili zinazokabiliana, moja huku, moja kule, ili mpira ukae sawa. Jiko la gesi. Sindano inapanda: 60, 75, hapo kijani, imepita kijani kama daladala iliyojaa, 85, 90. Sasa sikilizeni, mvuke umeanza kwenye bomba. Tone la kwanza. Tone la pili. Sindano imesimama kwenye 94. Naongeza moto. Bado 94. Matone yanakuja haraka zaidi lakini sindano haiendi popote.

Wengi wakiona hivyo wanasema kipimajoto ni kibovu. Sio kibovu! Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka nyuzi moja mapema, kwa sababu hewa inayoyakandamiza imepungua. Gawanya, unapata karibu nyuzi sita. Kwa hiyo 94 ndiyo kuchemka kwetu. Iringa mjini ni chini kidogo, mtaona karibu 95. Ndiyo sababu hiyohiyo maharage ya Uporoto yanakunywesha mkaa wa gunia zima.

Sasa angalia huku nyuma ya saa. Kuna nati ndogo. Ukiishika kwa spana na kuzungusha uso, sindano inahama. Watu wanaizungusha mpaka isome 100 kwenye maji yanayochemka, wanafurahi wamerekebisha. Umeharibu. Kuanzia hapo kila ukisoma 66 kumbe ni 60, na kimea chako, ile nafaka iliyooteshwa inayogeuza wanga kuwa sukari, kitafanya kazi nusunusu. Kupima kwa haki tumia barafu: saga barafu, weka maji kidogo, koroga, tumbukiza ncha. Hapa inasoma moja. Barafu moja, kuchemka 94, hiki kipimajoto ni kizima kabisa.

Tatizo ni rangi. Hiyo 78 ni joto la kuchemka la pombe tupu, pwani. Huku kwetu pombe tupu ingechemka karibu 73. Lakini hata Dar es Salaam rangi hizo zingedanganya, kwa sababu ndani ya chungu hakuna pombe tupu. Kuna maji yenye pombe asilimia tano, na mchanganyiko huo pwani unachemka kwenye 95 au 96, huku karibu 90. Unaanza ukiwa tayari ndani ya nyekundu! Mtu anayefuata rangi atakaa anapunguza moto usiku kucha na asipate hata kijiko. Aliyechora hiyo saa hajawahi kuiweka juu ya chungu.

Na sijamaliza nayo. Fungua mfuniko, tazama ncha ya chini. Hii ni sentimita nne, labda na kidogo. Inaning'inia kwenye hewa. Kwa kukeneka sawa, unapima mvuke. Lakini si muuzaji anasema tupikie nafaka humuhumu? Ngoja.

Maji lita sita, nayapasha mpaka 72 kwa kipimajoto cha kioo cha kijiti, hiki cha maabara. Nazima. Kornfleksi kilo moja, zile tupu zisizo na sukari ya juu wala chokoleti, nazivunja kwa mkono ndani ya mfuko kwanza, namimina kidogo kidogo nikikoroga kwa mwiko. Ukizimwaga zote mara moja zinafanya bonge, katikati kunabaki pakavu. Kisha kimea cha ulezi kilichosagwa, nusu kilo. Kijiti kinasoma 67. Nafunga mfuniko. Subiri dakika kumi. Saa ya mfuniko: 48. Kijiti ndani ya uji: 66. Tofauti nyuzi 18! Ukiiamini saa utawasha moto, uji utapita 75, na vimeng'enya vya kimea vimekufa, havifufuki hata ukipooza. Kijiti cha kioo ni bei ya soda chache tu. Kinunueni.

Mtu atauliza, kwa nini kornfleksi wakati mahindi yamejaa Mbozi? Swali zuri. Faida yake ni moja: mahindi yake yalishapikwa kiwandani kabla ya kubanwa na kuokwa, wanga umefunguka. Unga wa sembe lazima uupike uji mzito kwanza, uuache ushuke mpaka 67, ndipo utie kimea. Kornfleksi unaruka hatua hiyo. Shayiri za kubanwa, zile za uji, nazo zimeshapitishwa mvuke, zinakubali vilevile, ila zinanata na kuchuja kwake ni adhabu. Ila kornfleksi zenyewe hazina kimeng'enya hata kimoja, moto wa kiwandani uliviua. Bila kimea utapata uji mtamu kidogo wa sukari ya kwenye boksi na basi. Na epukeni zenye karanga na mafuta, mafuta yanaua povu na baada ya siku chache yanachacha vibaya. Soma chumvi pia ubavuni, nyingi zina kama gramu moja kwa kila gramu 100. Hamira haitakufa, ila ulimi utaisikia.

Kwa bei, tusidanganyane. Boksi la nusu kilo linacheza kwenye elfu kumi, na tunataka mawili. Kwa hela hiyo pale Mwanjelwa unaondoka na mahindi ya kubeba kwa shida. Hii ni ya kuchezea, sio ya kunywea kijiwe kizima. Halafu kuna kichekesho: John Harvey Kellogg, yule daktari wa Battle Creek huko Marekani aliyetuletea hivi vyakula vya asubuhi, alikuwa adui mkubwa wa pombe. Samahani mzee.

Tuendelee. Funika, funga blanketi, saa moja na nusu, koroga mara tatu. Kujua kama wanga umeisha hauhitaji kubahatisha. Tinkcha ya aidini ya duka la dawa. Chota kijiko, chuja kwa kitambaa, weka tone kwenye sahani nyeupe, dondoshea aidini. Hili la kwanza nililitoa dakika ya ishirini: tazama, bluu nyeusi, wanga bado. Hili la sasa: limebaki kahawia ya aidini yenyewe. Tayari. Mkisahau kuchuja, makapi yatageuka meusi na mtadhani bado. Na hilo tone mnamwaga, halirudi chunguni.

Chuja kwa kitambaa cha chujio, suuza makapi kwa maji moto lita moja, chemsha dakika kumi na tano kuua vijidudu vya uchachu. Hapo chungu chenyewe kinastahili sifa, kitako chake ni kinene kuliko nilivyotegemea, hakijaunguza. Ila chuja KABLA ya kuchemsha. Ukichemsha na makapi, chini yataungua, na ladha ya kuungua haitoki tena, hata kwenye kukeneka inapanda na mvuke. Pooza ndani ya beseni la maji ya bomba, maji yetu ya baridi yanatosha. Haidromita, kile kifaa cha kuelea kinachoonyesha wingi wa sukari: 1.046. Chini ya nyuzi 30, hamira ya chenga gramu tano, nusu ya kile kipakiti cha gramu 11.

Sasa kavali ka hewa ka kwenye mfuniko, haka napenda. Weka maji nusu, gesi inatoka inabubujika, nzi na hewa haviingii. Maana bakteria wa siki wanataka hewa. Mwezi wa sita na wa saba nyumba zetu usiku zinashuka sana, hamira inalala chini, mtu anadhani imekwisha. Msiongeze hamira. Sogezeni chungu sebuleni, blanketi, iwe 20 hadi 25. Siku tano hadi saba, haidromita ikisoma 1.010 siku mbili mfululizo, imekwisha. Toa 1.010 kwenye 1.046 ya mwanzo, zidisha kwa 131: hiyo ni pombe asilimia 4.7. Ikigoma kwenye 1.025, mara nyingi uji ulipita joto wakati wa kimea, sio hamira.

Kuhusu mitambo ya mafundi wetu, ile ya pipa na rejeta ya gari: hapana, hata kwa mchaichai. Rejeta imeunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na risasi inatoka na mvuke uliopoa. Na kwa wanaoogopa methanoli, ile pombe ya sumu, nafaka inazaa kidogo mno; mnaosikia wamepofuka au kufa kwa mkupuo, mara nyingi ni mtu aliyechanganya spiriti ya viwandani.

Mchaichai kwenye koili hii unatoka safi. Gramu 500 umekatwa, maji lita nne, mafuta yanaelea juu ya chupa. Maji yake msiweke kwenye betri, koili ni ya shaba na betri haipendi metali. Pampu yao ya maji ya kupoza koili ni ya umeme, ukikatika katikati koili inachemka, kwa hiyo mimi naweka ndoo juu ya meza na mpira, maji yanashuka yenyewe. Mfuniko ukivuja, kandeni unga wa ngano na maji, bandikeni kandokando; bomba likiziba, unga ndio unaachia kabla ya chungu.

Zinazofanana na huu zinaanzia laki mbili na kitu, kabla ya ushuru na basi. Live yetu imehamia Jumamosi saa mbili usiku, na wiki ijayo ni kimea cha ulezi cha Tukuyu dhidi ya kimea cha mtama, chungu hikihiki. Ukienda kununua, usimuulize muuzaji habari ya rangi. Muulize ncha ya kipimajoto ina urefu gani, na kama akisema fupi, mwambie apunguze bei.