Ukurasa wa mwanzo wa folda kwenye Outlook: ulifaa, ila si salama

Kuweka ukurasa wa wavuti ufunguke ndani ya folda ya Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, kulikuwa kazi ya dakika moja. Ulibofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukafungua Properties, ukaenda kwenye kichupo cha Home Page, ukaandika anwani ya ukurasa, kisha ukaweka tiki kwenye kisanduku cha kuonyesha ukurasa huo kila folda inapofunguliwa. Ukibofya folda ya mradi, badala ya orodha ya barua ulikutana na ratiba, viungo na namba za simu za wahusika. Raha tupu.

Kasoro yake ni kubwa, na isipuuzwe. Ukurasa huo huendeshwa na mtambo wa Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, ndani ya Outlook. Mdukuzi akishapata nywila yako, anaweza kuelekeza folda kwenye ukurasa wake na kuendesha programu hasidi kwenye kompyuta. Ndiyo maana Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo la usalama, Oktoba 2017 (namba ya tundu ni CVE-2017-11774), na kichupo cha Home Page kikatoweka. Kama hukioni, kompyuta yako haijaharibika.

Kuna wanaokirudisha kupitia rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, kwa kuupa mpangilio wa EnableRoamingFolderHomepages thamani ya 1. Hapo mimi nasema hapana, hasa kwenye kompyuta za ofisi: unafungua tena tundu lile lile lililozibwa. Weka ukurasa wako kwenye kivinjari, ualamishe, basi. Folda ibaki na barua zake.