Jinhua ni nafuu, mpaka benki ikuulize wewe ni nani

Nilitaka kuandika haya nikishatulia, lakini nikisubiri kutulia sitaandika kabisa. Juzijuzi nimekaa kwenye kiti cha benki tangu walipofungua mpaka wanajiandaa kwenda kula mchana, kazi yangu ikiwa moja tu: kumshawishi karani kwamba mimi ni mimi.

Wanaonifahamu wanajua shughuli zangu. Natafuta mzigo Yiwu, mji wa masoko ya jumla huku China, naujaza kwenye kontena, Kariakoo wanaupokea. Yiwu kwenyewe sikai, kodi ilinishinda mwaka wa kwanza tu, nikahamia huku Jinhua, treni ya kasi ni kama dakika 20. Vyumba viwili na kibaraza, yuan 1,300 kwa mwezi. Wachina wanauita mji mdogo. Mimi mtu wa Tanga sijui niuiteje. Jioni napita lile daraja la miguu la Yanweizhou, jekundu na njano, chini yake mito inakutana, na sijawahi kuogopa kutembea usiku. Baridi ndiyo shida, maana kusini huku nyumba hazina mabomba ya joto kama kaskazini, unalala na koti. Na ule mguu wa nguruwe wa kukaushwa, ulioupa mji huu jina lake China nzima, unaning'inia kila duka. Unajizoeza kutazama mbele.

Sasa hiyo benki.

Pasi yangu ya kusafiria iliisha muda. Ubalozini Beijing nikapewa mpya, ya zamani wakanirudishia imekatwa pembe. Namba mpya. Asiyekaa China hawezi kujua uzito wa maneno hayo mawili. Laini ya simu, kadi ya benki, pochi ya kwenye simu, vyote vimefungwa kwenye namba ya pasi. Nikiwa sokoni, mchicha tayari umeshafungwa, simu ikaniambia kitambulisho changu kimekwisha. Kadi nayo mashine haikuitaka. Mfukoni nina noti moja ya mia. Benki kuu yao imepiga marufuku mtu kukataa noti, na kweli yule mama wa mchicha hakuikataa. Aliigeuza, akamwita jirani, jirani akamwita wa samaki, chenji haikupatikana kwa yeyote. Nikarudisha mchicha.

Asubuhi nikaenda benki na pasi zote mbili. Karani, binti mdogo, kucha zimepakwa rangi ya maziwa, akaandika, akafuta, akaandika. Mfumo haukubali. Kwa nini? Pasi ya zamani imekatwa, kwa hiyo si halali. Na mpya? Mpya ni halali, ila mfumo haunijui. Nikamfungulia ukurasa wenye maelezo kwamba pasi hii imechukua nafasi ya ile, namba imeandikwa pale pale. Akasema ni Kiingereza, hawezi kuthibitisha. Niende nikalete barua ya ubalozi inayosema watu hawa wawili ni mtu mmoja. Watu hawa wawili! Beijing si Posta na Kariakoo, jamani.

Akanikalisha. Meneja akaja, akanitazama, akaondoka. Nikamsikia binti akimwambia mwenzake wa dirisha la pili, bila hata kushusha sauti, "Mwache, atachoka, ataondoka mwenyewe." Miaka mitatu nakula Kichina, nakinunulia, nakigombania bei, na yeye anadhani nimekaa pale kama gunia. Nikamjibu kwa lugha yake, "Dada, sijachoka bado." Mlinzi, mzee mmoja, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Binti hakucheka. Wala hakuniomba radhi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, si mfumo. Mwaka 2015 waziri mkuu wao wa wakati ule, Li Keqiang, aliwasema hadharani watumishi waliomtaka raia athibitishe kwamba mama yake ni mama yake. Pale dirishani hakuna aliyekumbuka.

Kwa hiyo hapo ushauri wangu ulikuwa mfupi: msije miji midogo. Nendeni Guangzhou, makarani wameshaona pasi zetu wakazichoka. Okoa kodi huku, uilipe kwa presha.

Lakini nilikula nini siku zile? Karibu na kwangu kuna mgahawa wa tambi za kuvuta kwa mkono, Waislamu wa jimbo la Qinghai, bakuli yuan 12. Nilimweleza mzee mwenye mgahawa kwamba simu imekufa kifedha. Hata hakunisikiliza mpaka mwisho, alikuwa ameshaanza kuvuta unga. Nikala mali kauli siku tano, China, nchi ambayo mashine ya soda inakutaka sura yako kwanza. Alikuwa anachora vijistari kwa kalamu ya risasi kwenye boksi la siki. Guangzhou nani angenichorea?

Nikarudi benki. Benki ile ile, makaratasi yale yale, dirisha lingine. Kijana akatazama pasi zote mbili, akabonyeza, akapiga picha, akanipa nisaini. Dakika kumi. Hakutaja barua yoyote. Nilipaswa kufurahi, badala yake nilitetemeka kwa hasira, maana ina maana mfumo ulikuwa unakubali siku zote. Nikipita, yule binti wa kucha akanipungia mkono kama tunajuana.

Nikaenda kulipa. Mzee akahesabu vijistari tisa. Mimi kwa hesabu yangu ni kumi. Tukabishana, akashinda yeye. Na sasa nataka kukata tiketi ya Yiwu ya kesho asubuhi, programu ya treni inasema hainijui.